Ukoo Ulioshushwa Mlimani

Mwaka 1905 uliwaendea vibaya watu wa maono katika Afrika Mashariki. Tarehe 4 Agosti, huko Mohoro katika nchi ya Rufiji, Wajerumani walimnyonga Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, yule aliyewagawia watu maji ya kugeuza risasi. Tarehe 19 Oktoba, kwenye kilima cha Ketparak katika nchi ya Wanandi, ofisa wa Kiingereza aitwaye Richard Meinertzhagen alimpiga risasi Koitalel arap Samoei, orkoiyot, yaani mwonaji mkuu, wa Wanandi, siku waliyoagana wakutane kuzungumzia amani.

Kinjeketile alipata mwandishi. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, alichapisha tamthilia yenye jina la mtu huyo, na wanafunzi wengi wa Tanzania na Kenya wamemfahamu kwa njia hiyo kuliko kwa vitabu vya historia. Koitalel naye alipata kaburi la heshima na makumbusho kule Nandi Hills. Lakini Koitalel alikuwa na ndugu, mtoto wa baba mmoja, aliyekwenda kusini akawa orkoiyot wa Wakipsigis katika milima ambayo leo ni mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Aliitwa Kipchomber arap Koilegen. Hakupigwa risasi wala hakunyongwa, na pengine ndiyo sababu jukwaa limemsahau: watunzi hupenda kifo cha ghafla. Kilichompata yeye na kizazi chake kilikwenda polepole, kikachukua karibu miaka 50, na kiliandikwa kwa lugha ya sheria.

Nakisimulia hapa nikiwa nimeziweka kando yangu tanzia za jukwaani, za Wayunani na za kwetu. Aristotle, alipochambua tanzia katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaka shujaa wake awe mtu mwenye jina kubwa na neema nyingi, mfano wa mfalme Oedipus. Anguko la mvuvi au mtwana halikumshughulisha. Aliyekwisha kuketi sakafuni ataanguka wapi tena? Watunzi walimfuata kwa zaidi ya miaka elfu mbili: Lear alikuwa mfalme, Othello jemadari, Macbeth mkuu wa jimbo kabla hajaua ili awe mfalme. Kericho inaleta swali ambalo Aristotle hakuliuliza. Inakuwaje mkuu asipoanguka peke yake, bali ukoo wake wote, vikongwe na watoto wa mgongoni, wakaondolewa tabaka moja na kutupwa jingine?

Tuanze na baba yao. Kimnyole arap Turukat wa ukoo wa Talai alikuwa orkoiyot wa Wanandi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Msomaji wa Kampala asimdhanie kabaka, wala wa Unguja asimdhanie sultani. Orkoiyot hakuwa na kiti cha enzi, hakutoza kodi, hakuzungukwa na askari. Mambo ya kila siku, mipaka na mahari na ugomvi wa majirani, yalikatwa na wazee wa kokwet, baraza la mtaa. Yeye alikuwa na neno tu. Vijana waliotaka kwenda kuteka ng'ombe walimpelekea habari kupitia wajumbe wake, maotik. Akibariki waliondoka, akikataa walikaa, na wakirudi na mifugo yeye alikuwa na fungu lake. Ni mamlaka ya ajabu hayo. Anayetii hatii bunduki, anatii hofu yake na tumaini lake mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo yanaweza kuvunjika kwa mchana mmoja.

Yalivunjika karibu mwaka 1890. Simulizi za Wanandi zinasema Kimnyole alibariki uvamizi mkubwa na vijana wengi hawakurudi. Juu ya msiba huo yakaja maradhi ya ng'ombe, na njaa. Watu wakatafuta nuksi imetoka wapi, kidole kikamwangukia yeye, wakampiga rungu hadi akafa. Husimuliwa kwamba kabla ya kufa alitabiri wageni weupe, na nyoka wa chuma atakayepita akitema moshi kuelekea ziwani. Reli ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901.

Mtu aliyesoma *Mfalme Edipode*, tafsiri ya S. S. Mushi ya *Oedipus* wa Sophocles iliyotoka 1971, atasikia mwangwi hapa. Thebes imepigwa na tauni, mifugo inakufa, watu wamemjia mfalme wao awaondolee balaa, na kumbe balaa ni yeye. Lakini tazama ukweli unavyomfikia Oedipus. Hauletwi na mkuu mwenzake. Unaletwa na mtumwa mzee, mchungaji wa kondoo, ambaye mfalme anamtisha kwa mateso mpaka aseme neno litakalomwangusha mfalme mwenyewe. Sophocles aliyajua matabaka ya mji wake: siri za jumba la kifalme hukaa kwa watumishi. Kwa Kimnyole hakuna mchungaji aliyeitwa kutoa ushahidi. Kulikuwa na hasira, na rungu.

Kifo hicho kiliacha wana wawili waliogombea nafasi yake na wafuasi wa pande mbili. Waliomtaka Koitalel na waliomtaka Kipchomber walivutana kwa miaka kadhaa, hadi Kipchomber aliposhindwa na kuvuka kwenda kwa Wakipsigis, watu wa lugha moja na Wanandi kasoro lafudhi. Kule akapokelewa kuwa orkoiyot wao. Wageni waliofuata waliwaita Wakipsigis "Lumbwa" na orkoiyot wao "laibon", neno walilolichukua kwa Wamaasai. Ni kawaida ya watawala kuingia nyumba kwa jina la jirani.

Wayunani walikuwa na ndugu wawili wa namna hii, wana wa Oedipus, waliogombea kiti cha baba aliyeangushwa. Mmoja alifukuzwa akarudi na jeshi la kigeni, wakauana langoni pa Thebes. Wana wa Kimnyole hawakuuana. Kila mmoja alibaki na watu wake, na mtu wa tatu ndiye aliyekuja kuwamaliza, mmoja kwa risasi na mwingine kwa karatasi.

Risasi kwanza, maana inatufundisha jambo kuhusu habari zenyewe. Katika tanzia za Wayunani hakuna anayeuawa mbele ya watazamaji. Mauaji hufanyika ndani, kisha hutokea mjumbe, mtu asiye na jina, mara nyingi mtumishi, akaeleza kila kitu alivyokiona: nani alisimama wapi, damu ilitiririka vipi. Mtazamaji humwamini mjumbe kwa kuwa hana masilahi. Hakuna atakachopata kwa kusema uongo.

Mjumbe wa Ketparak alikuwa muuaji mwenyewe. Meinertzhagen aliweka shajara, akaichapisha 1957, zaidi ya miaka 50 baada ya tukio, na maelezo mengi ya siku ile yaliyozunguka duniani kwa Kiingereza yalitoka kwake. Alisema alitegewa mtego, akawahi. Wanandi wanasema mtego ulikuwa wake: aliomba mkutano wa amani, akanyoosha mkono kusalimia, kisha bunduki zikalia, Koitalel na wenzake zaidi ya 20 wakalala chini. Jeshi lilimfanyia uchunguzi mara tatu, likamsafisha, kisha likamwondoa nchini kimyakimya mwaka 1906. Baadaye, wanasayansi walipokagua mkusanyo wake mkubwa wa ndege waliokaushwa, waligundua kwamba baadhi ya vielelezo aliviiba kwenye makumbusho na kuviandikia mahali pa uongo. Mtu anayedanganya kuhusu ndege mfu amepatikana wapi, sina haraka ya kumwamini kuhusu mtu aliyemuua.

Alichukua fimbo tatu za Koitalel akaenda nazo Uingereza. Zilikaa katika familia yake miaka 100, hadi 2006 ziliporudishwa Kenya.

Kipchomber, kule kusini, alipata miaka tisa zaidi. Haikuwa miaka ya raha. Mwezi Juni mwaka ule ule wa 1905 kikosi cha Waingereza kilikuwa kimeingia Sotik, ambayo leo iko Bomet, kuwaadhibu Wakipsigis kwa mifugo waliyoteka kwa Wamaasai. Idadi ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni watu 1,850, wanawake na watoto wakiwamo. Boma la serikali lilikuwa limekwisha jengwa Kericho. Machifu wa kuteuliwa walianza kukusanya kodi ya nyumba, na hapo pakawa na mafahali wawili zizini: chifu mwenye kofia na askari, na orkoiyot mwenye neno. Chifu alikuwa na kila sababu ya kupeleka maneno bomani. Kila ng'ombe aliyeibwa katika shamba la mzungu, kila kijana aliyegoma, makosa yote yalitafutiwa mlango wa Talai.

Mwaka 1914 Kipchomber na ndugu zake, arap Boisio na arap Sitonik, walihamishwa kwa amri kwenda nchi ya Wakikuyu. Kipchomber alipelekwa Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo. Alikufa huko 1916, miongoni mwa watu ambao hakuna hata mmoja aliyehitaji baraka yake.

Mgogoro wa *Antigone* wote unahusu maiti. Mtawala Creon ameamuru mmoja wa wale ndugu wa Thebes azikwe kwa heshima na mwingine aachwe kwa ndege, na dada yao, Antigone, anaona afadhali afe kuliko kumwacha ndugu bila udongo. Sijawahi kumwona Mwafrika wa Mashariki akihitaji kufafanuliwa tamthilia hii. Kichwa cha Koitalel, kwa simulizi za Wanandi, kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na wanakidai hadi leo. Kipchomber alikufa mbali na milima ya watu wake. Tena hakuwa na Antigone aliyeruhusiwa kutembea: mipaka ya hifadhi iliwahusu wanawake wa ukoo huo kama ilivyowahusu wanaume.

Sasa tuingie shambani, kwani hadithi ya ukoo haiachani na hadithi ya udongo.

Kericho iko juu, karibu mita 2,000 na zaidi. Asubuhi huwa na jua safi, mchana mawingu hupanda kutoka upande wa ziwa, alasiri hunyesha, na mara nyingi kuliko karibu mahali popote duniani hunyesha mvua ya mawe. Udongo ni mwekundu na una tindikali. Wakipsigis walilima wimbi na kufuga ng'ombe humo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya koloni ilitenga ekari 25,000 kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, walime kitani. Neno "maofisa" lilikuwa na maana yake. Si askari wa kawaida, ni mabwana. Nao Waafrika waliobeba mizigo ya vita hiyo katika Kariakoo, kikosi cha wapagazi, hawakupewa hata ekari moja. Bei ya kitani ikaanguka, mabwana wakafilisika, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni mawili, Brooke Bond na James Finlay, yakaingia na miche ya chai.

Chai ilitaka mikono. Wakipsigis wengi walikataa kuwa vibarua kwenye ardhi ambayo jana ilikuwa malisho yao, kwa hiyo wachumaji wengi walitoka kwa Wagusii, Waluo na Waluhya. Walijengewa nyumba za safu, zinazoitwa laini. Kiswahili kikawa lugha ya laini, kwa kuwa hakikuwa cha mtu yeyote pale.

Kuchuma kwenyewe ni kazi ya kidole gumba na cha shahada. Unakata majani mawili na chipukizi lake, siyo matatu, siyo moja; unakusanya mkononi hadi kiganja kijae, unatupa nyuma kwenye kikapu bila kugeuka. Juu ya vichaka umelaza ufito mwembamba unaokuonyesha usawa, ili shamba lote libaki tambarare kama meza. Mgongo umelowa umande asubuhi na mvua alasiri. Mwisho wa safu yuko karani wa mizani, na neno lake kuhusu kilo ndilo mshahara wako. Kati yako na yeye yuko mnyapara. Aristotle asingeona tanzia hapo.

Turudi kwa Talai. Baada ya kina Kipchomber kuondolewa, serikali iligundua kwamba neno halikuondoka nao. Wana na wajukuu waliendelea kuendewa usiku. Kwa Wanandi, 1923, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa usiku wa kuamkia sherehe kubwa ya kukabidhiana rika. Alikaa kizuizini na uhamishoni hadi 1964, zaidi ya miaka 40, muda mrefu kuliko mfungwa yeyote wa kisiasa wa Kenya. Kwa Wakipsigis serikali ilichukua njia nyingine. Mwaka 1934 koloni ilipitisha sheria mahususi ya kuwahamisha walaibon. Haikumtaja mtu kwa kosa lake. Ilihusu ukoo: takriban watu 700, pamoja na waliokuwa tumboni.

Hapa ndipo ninapoona Kericho imewazidi Wayunani. Tanzia nyingi za kale zinasimama juu ya laana ya ukoo: babu alikosa, miungu ikakasirika, mjukuu analipa. Mtazamaji wa Athens alijua kwamba laana inatoka juu na haina anuani ya kupelekea rufaa. Laana ya Talai ilikuwa na anuani. Ilitungwa ofisini, ikasomwa barazani, ikatiwa sahihi na gavana, ikachapwa Nairobi. Ilikuwa na vifungu.

Walipelekwa Gwassi, upande wa Ziwa Viktoria, ambako leo ni Kaunti ya Homa Bay. Tunaposema shujaa wa tanzia "ameanguka", tunasema kwa tamathali. Hawa waliteremshwa kwa mita: kutoka milima ya zaidi ya mita 2,000 hadi pwani ya ziwa ambalo uso wake uko kwenye mita 1,134. Kule juu hapakuwa na malaria ya kutisha. Kule chini kulikuwa na mbu na mbung'o, na ng'ombe wao walikufa. Watu waliokuwa wakipelekewa fungu la kila uvamizi wakawa watu wa kuhesabiwa kila jioni. Wakalazimika kuomba kibali kwenda kuzika.

Walikaa Gwassi hadi 1962, mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru. Fikiria mtoto aliyezaliwa huko 1936: alirudi Kericho ana miaka 26, na Kericho ilikuwa jina tu kwake. Waliporudi walikuta vichaka vya kijani vimefika hadi upeo wa macho na kila kipande kina mwenyewe. Wengi wao waliishia pembezoni mwa mji wa Kericho bila shamba. Nyumba iliyokuwa ikiogopwa na makabila mawili ikawa chini ya mchumaji wa chai, ambaye angalau alikuwa na chumba cha laini na kilo zake.

Na mchumaji je? Kwake jukwaa lilichelewa, lakini lilifika. Ulaya ilianza kumwona mtu wa chini zamani kidogo: Georg Büchner aliacha tamthilia ya askari fukara, *Woyzeck*, ambayo hakuimaliza kabla ya kufa 1837, na ikangoja hadi 1913 kuonyeshwa. Mwaka 1949 Arthur Miller, Mmarekani, alimfanya mchuuzi mzee kuwa shujaa wa tanzia, kisha akaandika makala kutetea kwamba mtu wa kawaida ana haki ya kuanguka kama mfalme. Kwetu Julius Nyerere, alipomtafsiri Shakespeare, alimtoa kwanza *Juliasi Kaizari*, tanzia ya wakubwa. Kisha 1969 akamgeuza mfanyabiashara wa Venice kuwa *Mabepari wa Venisi*. Neno moja la jalada likahamisha tamthilia nzima kutoka sokoni hadi kwenye mapambano ya matabaka. Wako wanaolaumu tafsiri hiyo. Mimi naona Mwalimu alijua wasomaji wake wanaulizana nini mwaka huo.

Kinjeketile wa Hussein anasimama katikati ya njia. Si mfalme, ni mtu wa kijijini, lakini ana mamlaka ya neno, kama orkoiyot. Anguko lake linaanzia anapozinduka kutoka katika kupagawa akaambiwa aliyoyatamka, kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anashtuka, maana ametabiri bwana mpya badala ya uhuru. Na mwishoni, mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme tu kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa shaka imemjaa, kwa kuwa anajua watoto wa kesho wataambiwa babu zao walipigania upuuzi. Kimnyole alikufa kwa kuwa watu waliacha kuliamini neno lake. Kinjeketile wa jukwaani anakufa kwa kuwa wao wameliamini kuliko yeye.

Aliyekwenda hadi shambani kabisa ni Alamin Mazrui. *Kilio cha Haki*, iliyochapishwa 1981, imewekwa katika shamba la mzungu aitwaye Delamon, na kiongozi wa wafanyakazi ni mwanamke, Lanina. Hana ukoo mkubwa nyuma yake. Hana unabii. Ana wenzake, na hata hao hawakubaliani kama mwanamke anafaa kuwasemea. Ukiisoma ukiwa Kericho unaweza kuonyesha kwa kidole mnyapara ni yupi na karani wa mizani ni yupi. Mwaka uliofuata Mazrui aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, akatoka 1983. Serikali huru ilikuwa imerithi zaidi ya mashamba.

Tangu hapo wanafunzi wa kidato cha nne wa Kenya wamezoea mashujaa wasio na taji. Tunu wa *Kigogo*, tamthilia ya Pauline Kea iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa, anapigania soko lililofungwa na mtawala, anaumizwa, wala hafi. Nimesikia walimu wakinung'unika kwamba hiyo basi si tanzia. Sawa. Lakini watoto waliotahiniwa kwa tamthilia hiyo Bomet na Kericho, wengine wao wamelelewa laini, na mwezi Mei 2023 waliona mashine za kuchuma chai zikiteketezwa kwa sababu mashine moja inakula kazi ya mikono mingi. Hao hawahitaji kuelezwa soko lililofungwa ni nini.

Talai hawakunyamaza. Chini ya gavana wa kwanza wa Kaunti ya Kericho, Paul Chepkwony, madai yao na ya Wakipsigis wengine walionyang'anywa ardhi yaliwekwa pamoja, zaidi ya watu 100,000. Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali 2019 kwamba walidhulumiwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandikia Uingereza. Mwezi Agosti 2022 wakafungua shauri katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Makampuni ya chai yenyewe yamebadilisha wenyewe mara kadhaa. Vichaka ni vile vile.

Mwalimu wa drama wa Kericho au Bomet unayesoma haya: tamasha la kitaifa huwa Aprili, na hadithi hii yafaa kuwa mchezo. Usianzie Ketparak, huko kila mtu huanzia. Anzia Gwassi jioni moja ya joto, kwa mtoto aliyezaliwa huko, anayemwuliza bibi yake mvua ya mawe inafananaje. Mlete Kipchomber baadaye, kwa kumbukumbu ya bibi. Na wachuma chai wasisimame nyuma wakiimba tu. Wape maneno ya kusema.